Sikio la mpigaji na sikio la msikizaji: uweke spika zipi chumbani hapa Amu?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Mkomani, hapa Amu (Lamu), alilipwa kazi yake ya msimu, akaja barazani jioni na swali moja tu: "Kaka, nyinyi wapigaji nyumbani mwasikizia mtambo gani? Nambie nikanunue huo huo." Aliamini kwamba mtu aliyepiga kinanda harusini miaka kumi na mitano lazima awe na spika za maana chumbani. Nikampandisha ghorofani akaone mwenyewe: kinanda, hedifoni za waya ambazo ngozi yake nimeibandika upya mara mbili, na spika ndogo ya betri juu ya kabati. Alitazama, akatazama tena, kisha akauliza kama nyingine ziko kwa fundi.

Hazikuwa kwa fundi. Hizo ndizo nilizonazo na zanitosha. Hata hivyo nilimzuia asinunue kama zangu, na sababu zenyewe hazikuisha kabla ya adhana ya magharibi. Ndiyo maana naziandika hapa, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye pesa mkononi na maswali kichwani.

Kwa ufupi: wanamuziki wengi hawajishughulishi sana na vyombo vya kusikizia nyumbani. Wapo wanaojishughulisha, na hao hufanya hivyo kwa moyo wote. Lakini mwanamuziki akitosheka na spika ya betri, hilo si ushahidi kwamba spika nzuri hazina faida. Wewe usiyepiga chombo chochote huenda unazihitaji kuliko yeye.

Mwalimu na Ami

Watu wawili walinilea kimuziki. Mmoja ni mwalimu aliyekuwa akipiga udi, wa pili ni ami yangu, baharia mstaafu ambaye hajapata kushika chombo chochote cha muziki maishani. Mwalimu alisikizia redio ndogo ya betri, na miaka ya mwisho akasikizia simu. Ami alirudi kutoka melini na deki ya kaseti, amplifaya na jozi ya spika za mbao, akavipanga katika chumba cha ndani na kuvifunika kitambaa cheupe ili vumbi la chokaa lisiingie.

Wote wawili walikuwa na kanda moja ya Zein l'Abdin, mpiga udi na mwimbaji wa taarab, mwana wa Amu, na mimi nilipata bahati ya kuisikiza kwa huyu na kwa yule. Mwalimu aliiweka simu ndani ya kidaka cha ukutani, kwa sababu kidaka hukusanya sauti na kuirudisha mbele ikiwa imenenepa kidogo. Alisikiza mara moja huku amefumba macho, kisha akashika udi wake. Akapiga kile tulichokisikia, na baada yake akapiga pia kile ambacho spika ya simu haikukitoa: zile nyuzi nene za chini, ambazo kwenye simu zilikuwa kama hazipo. "Hapa ameushika uzi na kuuachia," akaniambia, "na hapa amerudi kwa risha ya kupandisha," yaani kile kipande cha kupigia nyuzi. Nilimuuliza amesikia vipi katika kelele ile. "Mwanangu, mimi sisikizi spika. Nasikiza mkono."

Ami alisikia wimbo ule ule kwa namna nyingine kabisa. Hakujua uzi wa pili wala wa tatu. Alijua kwamba mpiga dumbaki amekaa nyuma ya mwimbaji na si kando yake, kwamba kuna mtu amekohoa baada ya ubeti wa pili, kwamba mwimbaji amevuta pumzi kabla ya neno fulani na pumzi hiyo ndiyo iliyolifanya neno liume. Mshindo wa kanda, ule "shiii" wa nyuma ya wimbo, ulimkera, akawa anainama kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti kila baada ya nyimbo chache.

Mwalimu ana mlango wa siri wa kuingilia wimbo. Vidole vyake vinajua kinachofanyika, basi sauti inamtosha kuwa dalili tu. Ami hana mlango huo. Chote atakachopata katika wimbo kitapita katika spika zile, na kisichopita hatakipata. Mtu aliyeihifadhi Qurani hababaiki ukurasa wa msahafu ukififia. Anayesoma kwa macho ndiye anayehitaji wino uliokolea.

Kwa nini mpigaji hutosheka na kidogo

Kwanza, huo ujuzi wa kujaza nilioueleza. Pili, mpigaji huusikia muziki kutoka ndani. Mimi harusini nakaa na dumbaki ubavuni kwangu wa kushoto na fidla nyuma ya bega la kulia. Sijawahi kukaa katika kiti cha bibi harusi nikasikia kundi letu linavyosikika kule. Mtu akiniambia spika fulani zinatoa sauti "kama ya ukumbini," ukumbi wangu ni mwingine na wake ni mwingine. Mwimbaji ndiye aliye mbali zaidi: sauti yake humfikia kupitia mifupa ya kichwa pamoja na hewa, ndiyo maana karibu kila mtu hushtuka anapojisikia kwenye rekodi mara ya kwanza.

Tatu ni uchovu. Baada ya kesha, masikio hutaka mawimbi na punda tu. Nne ni pesa: mpigaji akipata elfu kumi za ziada, huzipeleka kwenye nyuzi, kebo au kinanda kipya.

Mambo haya si ya Pwani peke yake. Mwaka 1968 Keith Richards wa Rolling Stones alirekodi gitaa lake kwa kaseti rekoda ndogo ya Philips mpaka sauti ikaungua, akaipenda ilivyoungua, na hiyo ndiyo iliyoingia katika rekodi zilizosikika dunia nzima. Brian Wilson wa Beach Boys aliishi na sikio moja tu linalosikia vizuri, la kushoto, akawa anapanga muziki wake katika mono, yaani sauti ya njia moja isiyogawanywa kulia na kushoto. Mtu huyo spika mbili zingemfaa nini? Na bado sifa zake za upangaji wa sauti hazina mjadala.

Upande wa pili wako akina Herbert von Karajan, kiongozi wa okestra, aliyesimama na kampuni za Sony na Philips mjini Salzburg mwaka 1981 kuisifia CD kabla haijafika madukani mwaka 1982. Na yuko Neil Young, mwimbaji na mpiga gitaa, aliyechoshwa na sauti iliyobanwa ya faili za MP3 kiasi cha kutengeneza kichezeshi chake mwenyewe, Pono. Mwaka 2014 mashabiki walikichangia zaidi ya dola milioni sita, na kufikia mwaka 2017 mradi ulikuwa umefungwa. Kwa hivyo "wanamuziki" si watu wa rai moja. Muulize kila mmoja anasikiza akitafuta nini, hapo ndipo jibu lake litakapokusaidia.

Monita za studio au spika za sebuleni

Vijana wengi hudhani monita za studio ndizo spika za wanamuziki, kwa hiyo ndizo bora kwa kila mtu. Monita ni chombo cha fundi mitambo. Kazi yake ni kufichua kosa: sauti ya mwimbaji imezidi, besi imefunika ngoma, kuna mvumo wa umeme nyuma. Spika za sebuleni kazi yake ni kukaa nawe kutoka isha hadi usiku wa manane bila kukuchosha.

Hadithi ya Yamaha NS-10 inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Zilitoka mwaka 1978 zikiwa spika za kuweka kwenye rafu nyumbani, na nyumbani hazikupendwa. Besi yake ilikuwa chache na sauti za juu zilichoma. Mafundi wa studio ndio waliozichukua, kwa hoja kwamba wimbo ukipendeza kwenye hizi, utapendeza popote. Zile koni zake nyeupe zikaonekana katika studio nyingi kubwa hadi Yamaha walipoacha kuzitengeneza mwaka 2001. Wapo mafundi waliokuwa wakibandika karatasi ya chooni mbele ya kispika cha juu ili kupunguza ukali. Fikiria: spika iliyoshindwa sebuleni, ikasaidia kutengeneza muziki uliopendwa sebuleni.

Ushauri wangu: ukirekodi, hata kama ni qasida za madrasa kwa maikrofoni moja, nunua monita ndogo mbili zenye amplifaya ndani, uzikalie karibu, kama mita moja, masikio yawe sawa na vispika vya juu. Kagua pia umeunganishaje. Nyingi hazina tundu la pini ndogo ya simu, zataka kebo ya kutoka simu kwenda jeki mbili kubwa. Ukiwa husikizi ila kuburudika, na chumba ni kikubwa, na watu wamekaa huku na kule kwenye mikeka, spika za sebuleni zitakufaa zaidi. Ami aliwahi kusikia monita za rafiki yangu, akasema zinamsomea wimbo badala ya kumwimbia.

Wufa au jozi ya spika, na chumba chetu kinavyoamua

Hapa ndipo pesa nyingi za watu wa Amu hupotea, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Wufa ya dukani, ile yenye boksi moja kubwa na vispika viwili vidogo, imeshika soko. Ni rahisi, ina redio, ina tundu la flashi na memori kadi, taa zake zinawaka rangi. Usidanganyike na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Zile elfu kumi huwa ni PMPO, hesabu ya kibiashara isiyo na kipimo kimoja kinachokubalika. Tafuta neno RMS, yaani nguvu ambayo mtambo huitoa mfululizo, nyuma ya mtambo, karibu na mahali palipoandikwa volti 240. Mara nyingi utakuta wati 30 au 50. Na hizo si haba kwa chumba: ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo sikio huitambua lakini haliiiti kubwa.

Tatizo la wufa kwetu ni nyumba zenyewe. Chumba cha nyumba ya mawe ya Amu upana wake umeamuliwa na boriti. Mti wa mkoko haubebi dari ya chokaa na matumbawe ukizidi urefu fulani, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba na upana haupiti sana mita 3. Chukua chumba cha upana wa mita 2.7. Kwa joto letu la digrii 28, sauti huenda karibu mita 348 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inalingana na upana huo ni la Hz 64 hivi, yaani mitikisiko 64 kwa sekunde, nalo likipigwa hugonga ukuta huu na ule, likajirudia, likajilimbikiza. Sasa Hz 65 ndiyo do ya chini ya kinanda, noti ambayo mkono wangu wa kushoto huirudia usiku kucha.

Niligundua jambo hili kabla sijajua hesabu yake. Nilikuwa nafanya mazoezi kwa wufa ya binamu yangu, nikifika do ile chumba kizima kinaitika, kikombe cha kahawa kinatikisika katika kisahani, na nikienda re iliyo jirani yake, kimya. Binamu alisema wufa imekufa. Haikuwa imekufa. Ulikuwa ni ukuta.

Na lingine la ajabu: mlio huo hauko sawa chumbani kote. Ukiegemea mto ukutani, kama tunavyokaa, besi inakufunika. Ukisogea katikati ya upana wa chumba, inapungua mpaka unadhani mtu amepunguza sauti. Ndiyo maana mume na mke hugombana kuhusu wufa moja, kila mmoja akisema kweli ya mahali alipokaa.

Kuta za chokaa hurudisha sauti kama kioo. Tunachobahatika nacho ni zidaka na boriti: safu za zidaka ukutani na miti ya dari huvunja sauti za juu na kuzitawanya, mwangwi usiwe mkali kama ule wa chumba cha simiti tupu cha nyumba mpya za Kashmiri au Gadeni. Mazulia na mito hufyonza hizo za juu pia. Hakuna zulia linaloweza kuzuia Hz 64. Kilichobaki ni kuchagua mahali pa kuweka na kujua kiasi.

Kwa chumba cha mawe, basi, nachagua jozi ya spika za kiasi kuliko wufa, na sioni shaka. Koni ya inchi tano au sita inatosha. Itaanza kupungua nguvu pale pale chumba kinapoanza kuongeza, na vitu hivyo viwili vitapatana. Ziweke kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa chumba, zitoke ukutani walau kwa mkono mmoja, zisiingizwe kwenye kona. Ukishaweka, sikiza udi. Nyuzi zake za chini zina kazi katika eneo lile lile la Hz 65 hadi 130. Kila noti ikisikika na mwisho wake, umepata mahali. Noti moja ikimeza nyingine, sogeza spika shubiri moja, ujaribu tena.

Kwa nyumba ya makuti iliyo wazi upande mmoja, shauri linabadilika. Sauti za chini hutoka nje na hazirudi, chumba hakikusaidii kitu. Hapo wufa ina haki yake, na ukiwa Shela kwenye upepo wa kusi utaihitaji. Kumbuka jirani naye yuko kwenye makuti.

Upo na uzito wa kufikiriwa. Mzigo unashuka Mokowe, unapanda boti, unashushwa gatini, unapanda mkokoteni au punda, kisha unapandishwa ngazi zinazopinda. Spika za kusimama zenye kilo 25 kila moja nimeziona zikikwama kwenye daka la mtu nusu siku.

Bluetooth au waya

Kwa msikizaji, Bluetooth haina ubaya. Kwa mpigaji ni mwiba, na kwa sababu isiyohusu ubora hata kidogo: huchelewa. Sauti hukusanywa, hubanwa, hutumwa, hufunguliwa, na hayo mara nyingi huchukua kiasi cha sehemu moja ya tano ya sekunde. Katika muda huo sauti ya kawaida huwa imetembea mita 70 hewani.

Aliyewahi kutembea katika zefe la Maulidi anaijua hali hiyo kwa miguu yake. Ukiwa nyuma kabisa na walio mbele wanapiga twari, unaona mikono inapanda na sauti inakujia baadaye, mstari wa nyuma unavuta na wa mbele unakimbia, mpaka kiongozi asimamishe kila mtu. Sasa jaribu kupiga kinanda chumbani huku sauti yake ikitoka umbali huo. Haiwezekani. Waya wa shilingi mia chache unaishinda spika yoyote isiyo na waya kwa kazi hii. Ukitaka spika moja itumike kwa mazoezi na starehe, hakikisha ina tundu la waya.

Hedifoni

Ningeulizwa nitaje chombo kimoja tu ambacho mpigaji na msikizaji wanaweza kukubaliana, ningetaja hedifoni nzuri za waya. Kwa bei ya wufa ya wastani unapata sauti ambayo spika za mara kadhaa ya bei hiyo hazikupi, kwa kuwa umeuondoa ukuta na boriti katika hesabu. Mimi husikia humo vidole vya mpiga fidla vikiteleza. Mama amelala, mtoto wa jirani ana mtihani, nami napiga.

Zilizofungwa nyuma huzuia kelele na hufaa kurekodia, ndizo zangu. Zilizo wazi nyuma zina pumzi zaidi na hazipashi masikio joto, jambo kubwa mwezi wa Februari, lakini aliye kando yako atasikia kila kitu. Chagua zenye waya na ngozi za kubadilisha, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyokufa.

Hatari yake ni moja na ni kubwa. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na ukifika 100 ni dakika 15. Mpigaji aliyetoka harusini ameshamaliza fungu lake la siku kabla hajavaa hedifoni. Ninao wenzangu wawili ambao masikio yao yanalia "nziii" usiku kucha, na mmoja hajatimiza miaka arubaini. Hao hawabishani tena kuhusu spika. Hii ndiyo sehemu ambayo naomba kila mpigaji aitilie maanani kuliko nyingine zote humu.

Kanda yenyewe ikoje

Kabla ya kununua, tazama unasikiza nini. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mitambo ya wakati ule ilikuwa ikinasa takriban kutoka Hz 100 hadi Hz 5,000, ilhali sikio la kijana husikia kutoka Hz 20 hadi 20,000. Hakuna spika itakayotoa kisichonaswa. Kaseti, ambazo Philips walizileta mwaka 1963, zilitubebea taarab ya Pwani kwa miongo, lakini nyingi tulizonazo ni nakala ya nakala ya nakala, na kila nakala ilipunguza sauti za juu na kuongeza mshindo. Kwa kanda hizo, spika kali sana juu itakuonyesha mshindo vizuri kuliko wimbo. Za wastani, laini kidogo, zinastahiki. Sisemi hivi kwa kubana matumizi, ni kwa kuupenda wimbo.

Kama muziki wako mwingi unakuja kwa WhatsApp, rekebisha hilo kwanza, ni bure. Ujumbe wa sauti hubanwa kwa ajili ya maneno ya mtu, si kwa ajili ya fidla. Mwambie anayekutumia aliambatishe faili kama hati, lifike kama lilivyo. Nimeona watu wakibadilisha spika mara mbili wakati ugonjwa uko kwenye simu.

Chumvi na umeme

Nilinunua spika za mitumba kutoka kwa muuzaji mmoja wa mji mkubwa, za jina, kwa bei niliyojinyima. Zilipiga vizuri miezi michache. Siku moja besi ikaanza kukwaruza, nikafungua kitambaa, nikagusa ule ukingo mwororo unaoizunguka koni. Ulibaki kidoleni kama unga wa kahawa. Ulikuwa wa sponji, na sponji ya aina ile huliwa na unyevu polepole hata ikiwa haitumiki. Yule muuzaji aliniambia zimehifadhiwa vizuri, nami sikujua pa kubonyeza. Sasa najua: toa kitambaa cha mbele, bonyeza ukingo wa koni kwa upole. Ukiwa wa mpira, ukirudi mahali pake bila kunata, endelea. Ukiwa wa sponji na una miaka mingi, hesabu gharama ya kuubadilisha ndani ya bei.

Hewa ya chumvi hula pia ncha za waya. Shaba ikigeuka kijani, ikate, uichune upya, uikaze. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya Ramadhani, kama unavyopaka chokaa. Na umeme unaorudi baada ya kukatika huja kwa kishindo, basi stabilaiza ni sehemu ya mtambo. Wanaotumia sola visiwa vya jirani watafute amplifaya ndogo ya daraja D inayokubali volti 12 moja kwa moja. Hupoteza nguvu kidogo sana kwa joto, na betri itafika asubuhi.

Nilichomwambia kijana

Nilimuuliza maswali matatu. Unapiga chombo? Hapana. Wasikiza peke yako au na watu? Na mke wangu, baada ya isha. Chumba ni cha boriti? Ndiyo, cha babu. Nikamwambia aache wufa, aache na monita, aache na mfano wangu. Achukue jozi ndogo ya spika zenye amplifaya ndani, koni ya inchi tano, ukingo wa mpira, tundu la waya na Bluetooth vyote viwili, na pesa zitakazobaki zigawanywe kati ya stabilaiza na hedifoni. Angekuwa mwanafunzi wa udi ningemgeuzia: hedifoni kwanza, nyuzi mpya pili, spika akipata.

Alizinunua. Zilivuka kutoka Mokowe zimefungwa kwenye gunia la mchele, akanialika tuzipange. Tulimwomba Ami aje naye, akapanda ngazi taratibu, akakaa kwenye mkeka na mgongo ukutani. Tukaweka ile kanda, ambayo sasa ni faili. Baada ya ubeti wa pili aliinua kidole, sote tukanyamaza, na yule mtu akakohoa.